Mgongo Ulioumia Shuleni na Bado Unauma

Wagonjwa wa aina hii huja wakitembea wenyewe. Wana miaka ishirini na ushee, bahasha ya picha imebanwa kwapani, na ukiwauliza mgongo ulianza kuuma lini, jibu huwa lile lile: "Tangu nikiwa shule, daktari." Mimi si daktari, ni mtaalamu wa fiziotherapia, lakini nimeacha kuwasahihisha.

Mmoja aliruka kuwania mpira wa kona akiwa kidato cha tatu, akatua kwa kiuno. Mwingine hakuanguka popote. Alikuwa akijiandaa na UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, akirusha mkuki kila jioni, hadi upande mmoja wa kiuno ukaanza kumchoma. Yaliyofuata hayatofautiani sana. Mwalimu wa michezo alimpulizia dawa ya baridi, mama akamkanda kwa maji ya moto na chumvi, duka la dawa likatoa vidonge vya siku tatu. Maumivu yakapungua, hayakuisha. Leo ni dereva wa bodaboda au karani anayeshinda kwenye kiti, na kila akitaka kuinama afunge kamba za viatu hushika ukuta kwanza.

Kwa mtu huyu kuna maswali mawili: ni kitu gani kiliumia wakati ule, na ni kitu gani kinauma sasa. Wengi huyachukulia kuwa swali moja, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea.

Tuanze na wakati ule. Sehemu kubwa ya maumivu ya mgongo kwa wachezaji vijana hutoka kwenye misuli na kano, nayo hupoa ndani ya wiki chache. Hata pigo la moja kwa moja mara nyingi huogopesha kuliko linavyodhuru. Wapenzi wa kandanda watakumbuka tarehe 4 Julai 2014 mjini Fortaleza, Neymar alipopigwa goti la mgongo na Juan Zúñiga wa Kolombia. Pingili yake ya tatu ya kiuno ilivunjika na Kombe la Dunia likamwishia pale pale. Lakini kilichovunjika ni kile kipembe cha pembeni mwa pingili ambapo misuli hujishikiza, sehemu isiyobeba uzito wa mwili. Kabla ya Agosti kwisha alikuwa amerudi uwanjani na Barcelona.

Jeraha linalonisumbua zaidi mimi ni lile lisilo na siku wala saa ya kuanza. Kiunoni tuna pingili tano. Nyuma ya kila moja, kulia na kushoto, kuna kipande chembamba cha mfupa kinachounganisha kiungo cha juu na cha chini. Mwili ukipinda kwenda nyuma huku ukizunguka, kipande hicho hubanwa. Ndivyo afanyavyo mrusha mkuki, mpigaji wa mpira wa wavu anaporuka kushindilia, mcheza sarakasi, na mrushaji wa kasi katika kriketi. Mfupa wa kijana wa miaka 14 au 15 haujakomaa, na ukipindwa hivyo mara mamia kwa wiki huchoka kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa, mwisho ukaingia ufa. Mara nyingi ufa huo huwa kwenye pingili ya tano, ile ya chini kabisa.

Si jambo la nadra. Karibu asilimia 6 ya watu wazima wana ufa huo, na wengi wao hawajui kwa sababu hauwaumi. Kwa wachezaji vijana wanaofika hospitali na maumivu hali ni tofauti. Utafiti wa Boston, Marekani, uliochapishwa mwaka 1995, ulilinganisha vijana 100 wanamichezo wenye maumivu ya kiuno na watu wazima 100 wenye maumivu hayo hayo. Vijana 47 walikuwa na tatizo la ufa huo. Watu wazima walikuwa 5. Hao walikuwa wagonjwa wa kliniki ya rufaa, kwa hiyo asije mtu akadhani nusu ya timu yake ya shule imepasuka pingili. Somo lake ni kwamba mgongo wa kijana usichunguzwe kwa mazoea ya mgongo wa baba yake.

Dalili zake si ngumu kuzifuata. Maumivu yako chini kiunoni, mara nyingi upande mmoja, na kwa kawaida hayashuki mguuni. Yanazidi mtu akipinda kwenda nyuma, yanatulia akipumzika, yanarudi wiki anayorudi uwanjani. Eksirei ya kawaida inaweza isiuone ufa mpya kabisa, ndiyo maana "picha iko safi" haifungi mjadala kwa kijana ambaye bado anaumia. MRI huweza kuonyesha mfupa uliochoka hata kabla haujapasuka. CT-Scan huuonyesha ufa vizuri zaidi, ila kwa gharama ya mionzi, na kwa mtoto hilo hufikiriwa mara mbili.

Tiba yake ni ya kuchosha kwa kijana mwenye ndoto: kuacha mchezo kwa takriban miezi mitatu. Siyo kulala kitandani. Anatembea, anaenda shule, anafanya mazoezi tiba, ila harushi, haruki wala hakimbii mbio za kasi mpaka aruhusiwe. Wengi sana hurudi uwanjani. Mrushaji wa kasi wa kriketi, Pat Cummins wa Australia, alicheza mechi yake ya kwanza ya Test, yaani kriketi ya siku tano, Novemba 2011 akiwa na miaka 18, akawa mchezaji bora wa mechi. Kisha majeraha, hasa nyufa za mgongo, yakamweka nje ya Test hadi Machi 2017. Mwaka 2023 ndiye aliyekuwa nahodha Australia ilipotwaa Kombe la Dunia la kriketi. Mgongo uleule, baada ya kupewa muda wa kukomaa.

Wahenga walituonya kuhusu kutoziba ufa, lakini mgongo hauwafuati sana. Nyufa nyingi haziungi sawasawa, hubaki zimeshikwa na nyuzi ngumu, na mwenyewe akacheza bila maumivu. Wachache pingili huteleza mbele. Hao hufuatiliwa hadi wamalize kukua, na mteremko ukiwa mkubwa wanahitaji daktari bingwa wa upasuaji wa mifupa.

Sasa tuje kwa yule mgonjwa wa mwanzo, mwenye miaka ishirini na ushee. Jeraha lake, liwe la msuli au la mfupa, lilimaliza kupona miaka mingi iliyopita, au lilitulia katika hali ambayo haitabadilika. Mbona bado anaumwa? Hapa ndipo ile bahasha ya kwapani inapoleta shida. Ndani yake kuna majibu yanayosema diski ya nne imechakaa na ya tano imechomoza. Kuna wagonjwa wanaojitambulisha kwa pingili zao: "Mimi ni L4, L5." Lakini uchambuzi wa mwaka 2015, uliokusanya picha za watu 3,110 wasio na maumivu yoyote, ulikuta dalili za kuchakaa kwa diski kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na diski iliyochomoza kwa asilimia 30 yao. Yaani mchukue rafiki yako wa rika lako asiyejua hata maumivu ya mgongo ni nini, mpige MRI, na upo uwezekano mzuri wa kukuta maneno yale yale. Jibu la picha lisomwe pamoja na mgonjwa mwenyewe, baada ya kumshika, kumwinamisha na kumsikiliza.

Kinachoendelea ndani ya mgongo wa namna hii ni ulinzi uliopitiliza. Neva zilizowahi kuumizwa hubaki na wepesi wa kupiga kelele, na ubongo ukaendelea kuzisikiliza. Misuli hukaza kabla mtu hajainama. Mwenyewe huanza kuepuka: habebi ndoo, hachezi, anainuka kitandani kwa kujigeuza kama aliyefanyiwa upasuaji jana. Misuli hudhoofu kwa kukosa kazi, kazi ndogo ikauma, naye akapata uthibitisho kwamba mgongo wake ni mbovu. Usingizi mbaya na mawazo ya maisha huongeza kelele. Maumivu haya ni ya kweli kabisa, na anayemwambia mgonjwa "ni akili yako tu" anamkosea. Ila hayamaanishi kuna kitu kinaendelea kuvunjika.

Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kutibu maumivu ya kiuno ya muda mrefu kwa watu wazima yasiyotokana na ugonjwa mahsusi. Limependekeza mgonjwa aelimishwe, apangiwe mazoezi, na pale inapofaa apate msaada wa kisaikolojia. Limeshauri mikanda ya mgongo isitumike kama tiba ya kawaida, vivyo hivyo kuvutwa mgongo kwa mashine na dawa za jamii ya afyuni. Mkanda ndio kitu cha kwanza anachouziwa mgonjwa mitaani, kwa bei isiyo ndogo, na wengine huuvaa hadi kitandani. Sindano za diklofenaki nazo hutuliza kwa siku moja mbili. Zikirudiwa kila wiki bila usimamizi zinaharibu tumbo na figo. Na kukanyagwa mgongo ili "pingili zirudi mahali pake" nashauri ukatae, hasa kama wewe ni kijana ambaye hajapimwa.

Mazoezi yenyewe hayana mbwembwe. Lala chali, magoti yakiwa yamekunjwa, inua kiuno hadi mapaja na tumbo vinyooke, hesabu hadi tano, shusha. Piga magoti na viganja chini, nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, kisha badilisha. Halafu lile wanaloliogopa: kuinua kitu. Huwa naanza na ndoo ya lita kumi yenye maji robo, mgonjwa akisukuma makalio nyuma, mgongo ukiwa umenyooka bila kukakamaa, anaishika, anasimama nayo. Mara ya kwanza wengi huzuia pumzi na kufumba macho. Wiki inayofuata maji yanaongezwa. Kanuni ni moja: maumivu yakipanda kidogo wakati wa zoezi na kufikia kesho asubuhi yamerudi kiwango chake cha kawaida, endelea; yakibaki juu, punguza, usiache. Ipe kazi hiyo wiki sita hadi kumi na mbili kabla hujahukumu. Kwa maoni yangu, wanaoshindwa wengi huacha wiki ya pili, wakidhani kuuma kidogo ni kuharibika.

Kabla ya yote hayo, lakini, lazima mtu akupime, kwa sababu ajali ya shuleni ni kisingizio kizuri mno. Mtu akishaamini kwamba kila maumivu ya kiuno yametoka kwenye ile kona ya kidato cha tatu, ugonjwa mpya unaweza kujificha nyuma ya kumbukumbu hiyo kwa miezi. Kifua kikuu cha mifupa bado kipo kwetu, na hupenda uti wa mgongo: homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, maumivu yasiyojali umelala au umesimama, na baadaye kinundu katikati ya mgongo. Anayekunywa maziwa yasiyochemshwa anaweza kuwa na brusela. Na kijana anayeamka amekakamaa kwa zaidi ya nusu saa, halafu akalegea kadiri anavyotembea, huenda ana ugonjwa wa viungo wa uvimbe unaohitaji dawa zake maalumu. Huyo mapumziko humzidishia.

Ukifika kliniki, foleni ni ndefu na dakika zako chache, kwa hiyo usiseme tu "mgongo unauma". Eleza ulianza ukifanya nini, kipi kinauzidisha na kipi kinautuliza, kama unakuamsha usiku, kama kuna ganzi au udhaifu mguuni, dawa ulizokwisha kutumia, na kitu gani unataka kurudia kukifanya. La mwisho hilo halimo kwenye fomu nyingi, lakini ndilo linalotupangia mazoezi. Usianze kwa kudai MRI. Anza kituo cha afya au hospitali ya wilaya, omba barua ya rufaa kwenda fiziotherapia. Hospitali za rufaa za mikoa zina huduma hiyo; Dar es Salaam ipo Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Moshi ipo KCMC, Nairobi ipo Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Ukiona ganzi sehemu za siri na makalio, mkojo umegoma au unatoka wenyewe, au miguu yote miwili inalegea, usisubiri barua. Nenda hospitali kubwa siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Kwa walimu wa michezo na wazazi nina ombi. Mwanafunzi anayelalamika kiuno kwa zaidi ya wiki mbili, na anayeumia zaidi akipinda kwenda nyuma, mtoeni kwenye timu na mpelekeni akapimwe, hata kama fainali ni Jumamosi hii.