Fahamu: Kirikuu ya Gongoni na theluji ya Marekani

Kigari kinachobeba magunia ya mkaa Gongoni, Tabora, huko Marekani kinasukuma theluji. Ni kirikuu yetu, Suzuki Carry. Sheria ya Japani inavibana vigari vya kundi hili: injini isizidi cc 660, upana usizidi mita 1.48, mzigo kilo 350. (Kilo 350! Madereva wetu watacheka.)

Marekani inaruhusu kuingiza vigari vilivyotimiza miaka 25, na Texas ilikubali kuvisajili mwaka 2024. Wenye navyo hufunga bapa la chuma mbele, wakakwangua theluji kwenye njia za nyumbani, mahali ambapo lori haligeuki.

Siri ni tairi zote nne kuvuta. Kirikuu tupu ni nyepesi nyuma. Bila msaada wa tairi za mbele, za nyuma huzunguka bure, iwe theluji au tope la masika. Dawa ni ileile: mifuko ya mchanga juu ya ekseli ya nyuma. Ila ukifika kwenye lami kavu, ondoa uvutaji wa mbele. Kwenye kona tairi za mbele hupita njia ndefu kuliko za nyuma, na mfumo mzima wa gia unakabwa. Theluji nzito iliyolowa nayo huishinda kirikuu, maana kigari chenyewe hakifiki tani moja.