Hakuna kichwa kisicho na maji

Katika shule zetu, mwanafunzi akishindwa na hesabu wenzake humwita "kichwa maji", darasa zima likaangua kicheko. Laiti wangalijua siri za maumbile, wangalinyamaza. Hakuna kichwa cha binadamu kisicho na maji, na mtoto ambaye maji hayo yamemzidi hastahili kuchekwa.

Ndani ya ubongo mna vyumba vinne vilivyounganishwa kwa vijia vyembamba. Humo hutengenezwa maji maangavu, yapata nusu lita kila siku kwa mtu mzima, ilhali yaliyomo kichwani na katika uti wa mgongo kwa wakati mmoja ni takriban mililita 150 tu. Kwa hiyo maji hayo hubadilishwa kiasi cha mara tatu kwa siku: hutengenezwa, hupita, kisha hurudi katika damu.

Kuta za vyumba hivyo zimefunikwa na utando wa seli ziitwazo ependima, wenye unene wa seli moja tu. Seli hizo zina vijinywele vinavyopiga kwa pamoja, mithili ya makasia ya mashua. Ijapokuwa mapigo ya moyo na pumzi ndiyo yanayoyasukuma maji kwa jumla, vijinywele hivi huyaendesha yaliyo karibu na ukuta yasitulie. Mwanasayansi Jan Purkinje alieleza habari zake tangu mwaka 1836. Bahati mbaya ni kwamba seli za ependima zikishaharibika kwa wingi, mwili hauwezi kuzirudisha. Mahali pake huota kovu.

Hapo ndipo msiba unapoanzia. Mtoto mchanga akiambukizwa, viini vikaingia ubongoni, utando huo huchubuka na kovu huweza kuziba kijia cha maji. Maji huendelea kutengenezwa kama desturi, lakini njia ya kutokea haipo. Kwa kuwa mifupa ya fuvu bado haijashikana, kichwa hufura, utosi hutuna, na macho huelekea chini. Ubongo nao hubanwa.

Si nadharia ya mbali. Daktari mpasuaji Benjamin Warf, Mmarekani aliyefanya kazi katika hospitali ya CURE mjini Mbale, Uganda, alichapisha mwaka 2005 habari za watoto 300 wenye maradhi haya. Asilimia 60 kati yao waliyapata kutokana na maambukizi, na wengi wa hao waliambukizwa katika mwezi wa kwanza wa maisha yao.

Tiba ipo. Ya zamani ni kupitisha mrija chini ya ngozi kutoka kichwani hadi tumboni, ingawa mrija huo huweza kuziba, na mtoto wa kijijini akafa kabla ya kufikishwa hospitali. Huko Mbale, Warf alitumia darubini nyembamba kutoboa njia mpya katika sakafu ya chumba cha tatu, na kuchoma sehemu ya tishu inayotengeneza maji. Watoto wengi walipona bila kuhitaji mrija.

Lakini tiba haimfai mtoto aliyefichwa. Majirani husema ni laana, mama hulaumiwa, mganga hulipwa, na miezi hupita huku ubongo ukizidi kuumia. Wahenga walinena: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Walimu, somo hili ni lenu. Katika darasa la sayansi, chora vyumba hivyo vinne ubaoni na ueleze jinsi maji yanavyopita. Wafundishe wanafunzi kwamba mtoto mchanga mwenye homa au asiyenyonya apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na kwamba kichwa kinachokua upesi kupita kiasi kipimwe bila kungoja. Miongoni mwa wanafunzi hao huenda yumo mmoja aliye na mdogo wake nyumbani, amelazwa chumba cha nyuma ili wageni wasimwone. Mwanafunzi huyo anahitaji kulisikia jambo hili kutoka kwa mwalimu wake, wala si katika vicheko vya wenzake.