Kugeuka nyuma mlimani si kushindwa

Waliotutangulia walinena kuwa haraka haraka haina baraka. Methali hii twawafundisha watoto wangali wadogo, nasi wenyewe twaisahau pindi tuonapo kilele cha mlima. Nimeikumbuka juma hili baada ya kijana mmoja wa mtaani kwetu kunijia na furaha tele, akaniarifu kuwa yeye na wenzake watapanda Mlima Kenya. Wataondoka Nairobi Ijumaa alfajiri na Jumatatu wawe kazini. Nilimpongeza, kisha nikamwomba aketi nimsimulie yaliyonifika mimi. Ndiyo hayo ninayotaka kukusimulia nawe, msomaji.

Kwanza niseme bayana kwamba sina kinyongo na wapandao milima. La hasha! Kwa miaka mingi Wakenya wengi tuliamini kuwa huo ni mchezo wa Wazungu, na kazi yetu ni kuwabebea mizigo. Ilhali nchi hii ilipopata Uhuru mnamo Desemba 1963, ni Mkenya, marehemu Kisoi Munyao, aliyeipandisha bendera yetu kwenye kilele cha Lenana. Kwa hivyo ninapowaona vijana wetu wakielekea Naro Moru, Sirimon na Chogoria wakiwa na mikoba mgongoni, moyo wangu hufurahi. Mlima ni wao. Kinachonikera ni mwendo wanaokwenda nao.

Miaka kadhaa iliyopita tulifunga safari, watu saba, kwa njia ya Naro Moru. Shabaha yetu ilikuwa Lenana, chenye urefu wa mita 4,985. Batian, mita 5,199, na Nelion, mita 5,188, huwataka wenye kamba na ujuzi wa kukwea miamba, lakini Lenana hufikiwa kwa miguu. Aliyetuandalia safari alituahidi kwamba siku tatu zingetosha. Usiku wa kwanza tulilala kwenye kituo cha zamani cha hali ya hewa, yapata mita 3,050. Kesho yake tukavuka kile kinamasi kinachopanda mlima, buti zikizama topeni, tukaingia katika Bonde la Teleki, penye lobelia ndefu na miti ya ajabu isiyomea nyikani. Jioni tukalala kwenye kambi iitwayo Mackinder, mita 4,200.

Hebu tuzitazame hesabu hizo. Madaktari wa tiba ya milimani hushauri kwamba mtu akishapita mita 3,000, asipandishe mahali pake pa kulala kwa zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku mmoja. Sisi tulipandisha mita 1,150. Na huko juu, katika mwinuko wa mita 5,000, kila pumzi huleta takriban nusu tu ya oksijeni anayoipata mtu aliyeko Mombasa. Mwili unaweza kuizoea hali hiyo, lakini huizoea kwa siku, si kwa saa, wala haujali kama mwenyewe ni mwanariadha au mlevi. Aghalabu vijana wenye nguvu ndio huumia, kwa kuwa nguvu zao huwawezesha kufika mapema mahali ambapo damu yao haijawa tayari.

Tuliamshwa saa nane usiku. Rafiki yangu, mtu mwenye afya na bashasha, hakugusa uji. Alisema kichwa kinamgonga, akameza tembe mbili, tukaondoka kwa mwanga wa tochi. Katika ule mteremko wa kokoto, ambapo hatua mbili za kwenda mbele huliwa na moja ya kurudi nyuma, aliketi mara ya kwanza, ya pili, kisha ya tatu. Mara ya tatu alivua glavu, akazitupa kando, akaniuliza kama bibi harusi amekwisha kufika.

Kiongozi wetu, mzee wa makamo aliyezaliwa chini ya mlima huo, alirudi alipokuwa ameketi. Hakumpigia kelele. Alimwinua taratibu, akachora mstari mchangani kwa fimbo yake, akasema, "Ndugu yangu, hebu tembea hapa, kisigino kiguse kidole." Rafiki yangu alipiga hatua mbili, akapepesuka kama aliyekesha kilabuni. Mzee akatugeukia. "Huyu anashuka sasa hivi. Ubongo wake umeanza kuvimba. Tukingoja jua, tutambeba."

Palizuka mabishano. Mmoja wetu alisema apumzike tu, tutamchukua tukirudi. Mwingine alikumbusha kuwa tumelipa fedha nyingi. Nami nikiri kwa aibu kwamba nilinyamaza, kwa sababu nilikuwa nikizipiga hesabu zangu: kilele kilikuwa mbali kwa mwendo wa saa mbili, mimi sikuwa naumwa, na msaidizi wa kiongozi angeweza kumteremsha peke yake. Nilikwisha kuwaahidi wanangu picha. Hatimaye nilishuka naye, ila si kwa hiari. Nilishuka kwa sababu mzee alinitazama, akaniuliza swali moja tu: "Bwana, mlikuja pamoja?"

Tulimshikilia mmoja huku, mwingine kule, hadi Mackinder, na msaidizi hakuturuhusu kukaa hapo. Tuliendelea kushuka. Ugonjwa huo dawa yake kuu ni hiyo, kushuka. Tembe na oksijeni husaidia tu kununua muda. Adhuhuri, tulipokaribia tena mita 3,000, rafiki yangu alisimama, akauliza tuko wapi, kisha akaomba chai. Sijawahi kuisikia sauti ya mtu akiomba chai ikanifurahisha vile.

Wenzetu waliofika kileleni walitukuta jioni. Walikuwa na picha, nasi tukawa na utani wa kuvumilia. Kwa miezi kadhaa tuliitwa "wale walioshindwa". Neno hilo ndilo lililonisukuma kuandika makala haya.

Nani aliyesema kuwa kugeuka nyuma ni kushindwa? Mwingereza Halford Mackinder, pamoja na viongozi wake César Ollier na Joseph Brocherel, ndio wa kwanza kujulikana kufika Batian, mnamo Septemba 13, 1899. Lakini kabla ya siku hiyo walikuwa wamejaribu, mlima ukawakatalia, wakarudi chini na kutafuta njia nyingine. Mnamo 1943, Felice Benuzzi na Giovanni Balletto, wafungwa wa vita wa Kiitalia waliotoroka kambi ya Nanyuki ili wakwee mlima, waliikabili Batian, dhoruba ya theluji ikawazuia. Waligeuka, wakapanda Lenana badala yake, kisha wakarejea kambini kwa miguu yao wenyewe. Iwapo watu waliothubutu kutoroka jela hawakuona haya kuirudia njia, sisi wa mapumziko ya wikendi tunaona haya ya nini?

Basi nina mambo matatu ya kuwaomba wahusika. La kwanza, waandalizi wa safari waache kuuza siku tatu kana kwamba ni sifa. Waongeze angalau siku moja ya kuzoea mwinuko, na wateja tukubali kuilipia. La pili, kabla ya kuondoka langoni, kila kundi likubaliane kuwa neno la kiongozi ndilo la mwisho, na kwamba mgonjwa hapandi wala haachwi peke yake. La tatu linahusu mfuko. Yule mzee aliniambia jambo ambalo sijalisahau: bahashishi huwa nono kundi likifika kileleni, na huwa haba likirudishwa. Kwa maneno mengine, tunamlipa mtu atupeleke juu, kisha tunamwadhibu anapotuokoa. Kiongozi mwenye watoto wa kusomesha atawezaje kusema "turudi" bila kuhofia mfuko wake? Bahashishi ipatanwe mapema, na iwe ile ile, kileleni tufike tusifike.

Rafiki yangu yu hai, na mwaka uliofuata binti yake aliolewa. Baba mtu alimsindikiza kwa miguu isiyopepesuka. Nilipokuwa nimeketi miongoni mwa wageni nililikumbuka lile swali lake la kokotoni kuhusu bibi harusi, nikainamisha kichwa ili watu wasiyaone machozi yangu.

Yule kijana wa mtaani alinisikiliza hadi mwisho. Alipoondoka aliniambia kuwa atazungumza na wenzake waombe likizo ya siku mbili zaidi. Natumaini watapewa. Lenana haitahama.