Jibu la Mkulima Lipate Mahali Pake

Mkulima wa Kiirua, usiku wa tarehe 24 Agosti 2019 makarani wa sensa walianza kuhesabu watu Kenya nzima, na katika maswali yao walitaka kujua pia habari za mazao na mifugo. Mwaka 2023 wakulima waliandikishwa tena, safari hii kwa ajili ya mbolea ya ruzuku. Basi umezoea kujibu. Lakini chama chenu cha ushirika au kamati ya maji ikitaka kuwauliza wanachama, karatasi mtaiandika ninyi wenyewe. Kuuliza si kazi ngumu. Yanayoharibu karatasi ni yale majibu ya kuchagua.

Tuseme chama kinataka kuagiza mbegu ya viazi, na karatasi inasema: "Ekari 0 hadi 1, 1 hadi 2, 2 hadi 5." Mwenye ekari 2 kamili aweke alama wapi? Yeye ataweka pa pili, na jirani yake mwenye shamba sawa na lake ataweka pa tatu. Ekari moja huhitaji mbegu magunia 16 hivi ya kilo 50, kwa hiyo kosa la ekari moja tu ni magunia 16 yaliyopungua wakati mvua ya Oktoba imekwisha kunyesha. Afadhali uandike hivi: chini ya ekari 1, ekari 1 lakini chini ya 2, ekari 2 lakini chini ya 5, ekari 5 au zaidi. Tena weka "Silimi viazi." Asiyelima akikosa mahali pake ataacha wazi, nawe hutajua kama hana viazi au amechoka kuandika.

Neno "gunia" pekee halifai. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zilitaja mfuko wa kilo 50, lakini gunia lililoshonewa kichwa kila mtu analijua! Andika kilo.

Anayelima mahindi pamoja na maharagwe aambiwe aweke alama kwa yote anayolima, asilazimishwe kuchagua moja.

Kwa habari ya maji ya mfereji, usiandike "mara nyingi" wala "mara chache." Aliye karibu na tangi na aliye mwisho wa bomba hawapimi maneno hayo kwa kipimo kimoja. Uliza: katika siku 7 zilizopita, maji yalifika siku ngapi? Majibu yawe: hata moja, 1 au 2, 3 au 4, 5 au 6, zote 7, sijui. "Hata moja" na "sijui" ni mambo mawili, usiyatie pamoja. Wala usiulize kazi ya kamati kwa majibu ya "nzuri, nzuri sana, bora kabisa." Huko ni kuomba sifa, mwenye malalamiko naye apewe "mbaya" na "mbaya sana."

Kabla ya kupiga chapa, wasomee karatasi majirani watano, mmoja wao awe mzee asiyesoma. Akiuliza, "Na mimi niko wapi hapo?" rekebisha swali hilo siku ile ile.