Mfarishi, Kipande na Kiraka

Mfasiri anayepewa kijitabu cha ushonaji akigeuze kwa Kiswahili aghalabu hukwama mapema. Mbele yake pana tandiko la kitanda lililoungwa kwa vipande vingi vya nguo, likatiwa pamba katikati, kisha likashonwa tabaka zote pamoja. Mmoja ataliita "blanketi la viraka", mwingine "shuka la vipande", na wa tatu ataliacha jina la kigeni kama lilivyo. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba upungufu hauko katika lugha, bali katika kutotafuta.

Neno lipo, nalo ni mfarishi. Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kutandika. Blanketi hufumwa, na shuka ni nguo ya tabaka moja; mfarishi una tabaka zaidi ya moja zilizoshikwa kwa mshono. Basi majina hayo mawili hayawezi kushika nafasi yake.

Kosa kubwa zaidi liko katika neno kiraka. Kiraka huziba tundu la nguo iliyochakaa. Kipande cha mfarishi hakizibi kitu. Kimechaguliwa kwa rangi na nakshi yake. Afisa anayeandika "nguo za viraka" katika hati ya biashara ameishusha thamani kazi ya fundi kabla haijafika sokoni.

Tuchukue mfano wa Ifakara, katika bonde la Kilombero. Reli ya TAZARA, iliyojengwa katika miaka ya 1970 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, hupita hapo. Mkazi wa Ifakara anayesafiri huweza kurudi na kanga ya Dar es Salaam, kikoi cha Unguja, au kitenge cha Zambia, ambacho huko huitwa chitenge. Akiviunga, safari zake zimo katika tandiko moja. Majina ya nguo nayo yamesafiri: marekani lataja nchi ilikotoka nguo hiyo, na leso limetoka katika Kireno. Tena husimuliwa kwamba kanga yenyewe ilianza katika karne ya 19, wanawake wa pwani walipounga leso kadhaa kuwa nguo moja. Kuunga vipande, basi, si jambo geni kwetu.

Kazi yenyewe hudai maneno yake. Kwanza nguo zote hufuliwa, maana nyingine huruka na nyingine hutoa rangi. Kisha hupigwa pasi na kukatwa. Mwenye kukata kanga hana budi kuangalia mji, pindo na jina; jina likikatwa katikati, msemo hupotea na hubaki herufi tu. Vipande vikishaungwa, tabaka hupangwa na kupigwa bandi zisihame, ndipo zishonwe kuanzia katikati kwenda kando, ili mikunjo isukumwe nje.

Kwa hiyo twapendekeza matumizi haya:

(a) mfarishi (wingi: mifarishi): tandiko lote;
(b) kipande: nguo iliyokatwa ili iungwe na nyingine;
(c) uso: tabaka ya juu, iliyoungwa kwa vipande;
(d) kijazo: pamba au sufi ya katikati;
(e) bitana: nguo ya chini;
(f) bandi: mshono wa muda, unaofumuliwa baadaye;
(g) mshono wa kukaza: ule unaopita tabaka zote na kubaki.

Kudarizi tukuache kwa kazi ya kutia nakshi kwa uzi, na kiraka kibaki na tundu lake.

Wasomaji, hasa walimu wa ushonaji, wawasikilize mafundi walio karibu nao na kutuletea maneno wanayotumia. Likipatikana lililo bora kuliko kijazo au mshono wa kukaza, tutaliacha letu bila kinyongo. Istilahi isiyotamkwa na fundi haitadumu hata ikichapishwa mara mia.