Picha za zamani za jazi: andika majina kwanza, tuma nyuma

Ndugu zangu wahitimu, na ninyi wadogo wetu wenye mungali kwenye viti vya chuo, leo nataka tuongee juu ya picha. Si zile tunazopiga siku ya diploma, toga ikiwa mabegani. Ni zile za zamani, nyeusi na nyeupe, zinazolala ndani ya masanduku ya wazee wetu: wanamuziki, vyombo, baa, sahani za muziki. Siku hizi wengi wetu tunazitoa na kuziweka mtandaoni. Ni jambo zuri. Lakini mimi nililifanya vibaya, na ninataka niwaeleze namna gani, ili ninyi musirudilie kosa langu.

Koko yangu anaishi Katuba, hapa Lubumbashi. Chini ya vitenge vyake ana sanduku la bati, na ndani yake mulikuwa picha moja yenye ukubwa wa kiganja. Wanaume tisa wamevaa makoti. Katikati kuna mmoja anapiga tarumbeta, mashavu yamejaa hewa, na mkononi anashika kitambaa cheupe. Tangu utoto nilisikia wajomba wakisema kwamba Louis Armstrong alifika mji huu. Na ni kweli kabisa: alifika Novemba 1960, wakati mji uliitwa Elisabethville na Katanga ya Moïse Tshombe ilikuwa imejitenga. Mwezi uliotangulia alikuwa Léopoldville, kule alipobebwa juu ya kiti kama mfalme.

Basi mimi, na diploma yangu mfukoni, niliona tarumbeta, nikaona kitambaa, nikamaliza kesi. Nilipiga picha ile kwa simu, nikakata kando zake zilizochakaa, nikaandika: "Louis Armstrong pamoja na wazee wetu, Elisabethville, 1960." Kwa siku tatu simu haikupumzika. Watu waliichukua, wakaipeleka kurasa zingine, wengine wakaweka majina yao juu yake.

Siku ya Mungu nikaenda kumuonesha koko, nikitegemea sifa. Alishika simu karibu na macho, akakaa kimya kidogo.

"Bwana yangu," akasema, maana ndivyo anavyoniita, "ni nani alikuambia asema huyu ni Armstrong? Huyu ni yaya yangu."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Walimuzika mbali, mimi sikufika. Ile njo picha yake moja tu yenye ilibakia. Na sasa munamunyima hata jina."

Nilirudi kwenye sanduku, nikafanya kile nilichopaswa kufanya siku ya kwanza: nikageuza picha. Nyuma kulikuwa muhuri wa studio, umefifia, na maandishi ya kalamu ya risasi: majina matatu na mwaka 1963. Armstrong alikuwa ameshaondoka tangu miaka mitatu.

Tena picha yenyewe ilikuwa inaniambia, ni mimi sikuiuliza. Kundi la Armstrong, All Stars, lilikuwa na tarumbeta, tromboni, klarineti, piano, besi na ngoma. Hakukuwa mpiga gitaa. Ndani ya picha yetu kuna magitaa mawili na mtu wa marakasi. Hiyo ni orkesta ya kwetu, ya rumba, tangu mwanzo mpaka mwisho.

Kosa kama hili ni rahisi sana hapa kwetu, juu ya neno lenyewe "jazi". Joseph Kabasele, Grand Kallé, alipoanzisha orkesta yake mwaka 1953 aliiita African Jazz. Mwaka 1956, Franco na wenzake wakaanza OK Jazz. Hawakupiga muziki wa New Orleans. Walipiga rumba, cha-cha na bolero, lakini neno jazi lilimaanisha orkesta ya kisasa, yenye magitaa ya umeme na saksafoni, yenye watu waliovaa vizuri. Hata Tanzania ndivyo ilivyokuwa: Dar es Salaam Jazz Band, Morogoro Jazz. Kwa hiyo ukiona neno "Jazz" limeandikwa juu ya ngoma kubwa ndani ya picha ya babu yako, usikimbilie Amerika. Tafuta kwanza mtaani kwenu.

Na kwa nini jambo hili ni la maana? Juu ya sababu moja. Wakubwa wana majumba ya kuwatunza. Ukitaka kumjua Armstrong, nyumba yake ya Queens, mjini New York, imekuwa makumbusho. Yeye mwenyewe alitunza picha, vipande vya magazeti na mamia ya kanda, akaziwekea namba na kuandika kwa mkono wake kilichomo. Ona basi: mtu ambaye nilimbandikia jina lake ovyo alikuwa mwangalifu kuliko mimi. Hapa kwetu Jean Depara alipiga picha usiku wa Léopoldville katika miaka ya 1950 na 1960, na kazi yake imeoneshwa mpaka Ulaya. Mwaka 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo, ya pande zote mbili za mto, kati ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Lakini mpiga marakasi wa Katuba, nani atamwandika? Makumbusho yake ni sanduku la koko. Ukimpa jina la mtu mwingine, umemfuta mahali pekee alipokuwa.

Sasa, tufanye namna gani? Haya ndiyo niliyojifunza, kwa aibu.

Kwanza, piga nyuma ya picha kabla ya mbele. Muhuri wa studio, tarehe, salamu za mtu, hata namba isiyoeleweka, vyote ni ushahidi. Kama picha imebandikwa kwenye albamu, usiivute, itapasuka. Piga ukurasa mzima. Na usikate kando za picha: bango lililo nusu ukutani au jina lililoandikwa juu ya ngoma linaweza kukuambia mahali.

Pili, mwanga. Weka picha karibu na dirisha, pasipo jua la moja kwa moja, zima flashi, shika simu juu yake sawasawa. Ukituma kwa WhatsApp, itume kama dokima, si kama picha ya kawaida, maana ile inapunguzwa na nyuso zinakuwa ukungu. Tunza pia nakala kubwa mahali pengine. Simu zinaibiwa.

Tatu, kaa na mzee. Usimuulize "Huyu si Franco?", maana wazee wetu wana adabu, anaweza kukubali tu ili akufurahishe. Uliza: "Huyu ni nani? Huyu wa pembeni aliishi wapi? Nani alipiga picha?" Rekodi sauti yake, kwa ruhusa. Andika majina kutoka kushoto kwenda kulia, mstari kwa mstari. Ukitaka kuandika nyuma ya picha yenyewe, tumia kalamu ya risasi laini, polepole. Biki inatoboa na wino unapita upande wa pili. Na tafadhali, usipeleke kuifunika kwa plastiki ya moto. Hakuna kurudi nyuma.

Nne, tenganisha unachojua na unachofikiri. Andika: "Nyuma ya picha kumeandikwa 1963." Andika: "Koko anasema huyu ni fulani." Kama hakuna aliyemjua, andika "hajatambuliwa". Neno hilo si aibu. Linaacha mlango wazi, mtu mwingine ataingia na jina.

Tano, sahani. Wengi muna zile za zamani za 78, za Ngoma, Opika au Loningisa. Ni nzito lakini zinavunjika kama sahani ya kulia. Usizifute kwa alkoli, inakula ile shellac yenyewe. Usiziweke chini ya sindano ya sahani za plastiki za kisasa, mfereji wake ni mpana zaidi. Piga picha ya karatasi ya katikati, pande zote mbili: jina la wimbo, la mwimbaji, na namba. Namba ile ndiyo inayomsaidia mtafiti kujua sahani ilitoka wakati gani.

Sita, ruhusa. Picha iko kwako, lakini nyuso si zako. Ndani ya picha ya watu tisa kuna familia tisa. Kama unazijua, ziulize. Mtaje mpiga picha kama muhuri unasomeka. Na usiandike jina lako kubwa katikati ya picha eti usiibiwe: unaziba nyuso za wenye picha.

Nilipomaliza kujifunza, niliandika masahihisho. Niliweka mbele na nyuma ya picha, nikaomba msamaha. Ile ya uongo ilizunguka haraka, hii ya kweli walisoma wachache. Mpaka leo ninaona ile ya kwanza inapita kwenye kurasa za watu, na Armstrong wangu wa uongo. Ninaandika kila mara: "Samahani, huyu si yeye." Wengine wanabadilisha. Wengine wananitukana. Njo bei ninayolipa.

Lakini koko aliniambia rudi siku ya Mungu, na nikarudi, mara nne. Macho yake yanachoka, kwa hiyo nilikuza picha kwenye kompyuta, uso kwa uso. Ameshataja saba kati ya tisa: nani alikuwa fundi reli, nani alimpenda rafiki yake, nani alijifunza tarumbeta kwenye fanfare ya misheni kabla ya kushika rumba. Huyo wa mwisho ni yaya yake. Majina siyaweki hapa bado, maana familia mbili hazijajibu.

Wamebaki wawili: wa pili na wa tatu kutoka kushoto, mstari wa nyuma. Koko anasema wa tatu anamjua, uso anaujua, ila jina limemkimbia. "Litarudia," anasema. Siku ya Mungu ijayo nitaenda tena na kompyuta. Na wewe, sanduku la kwenu liko kwa nani?