Fedha kidogo zilizuia njaa wakati wa corona, lakini biashara zikaporomoka

MKULIMA mdogo na mchuuzi wa sokoni aghalabu huwa na mfuko mmoja tu. Fedha za mbegu, za karo, za hospitali na za kuongeza bidhaa dukani hukaa pamoja, na shida inayotangulia kubisha hodi ndiyo huzimaliza.

Janga la corona lilipoingia Kenya, mfuko huo ulivutwa kutoka pande zote kwa wakati mmoja. Kisa cha kwanza kilitangazwa Machi 13, 2020. Siku chache baadaye shule zilifungwa, na kuanzia Machi 27 kafyu ya usiku ikaanza. Masoko mengi ya wazi nayo yakafungwa, na wateja wakapungua.

Tangu wakati huo, wasomi wa vyuo vikuu wamechapisha tafiti nyingi kuhusu yaliyozikumba familia za mashambani. Baadhi ya tafiti hizo zilifanywa katika kaunti za Siaya na Bomet, na zina mafunzo kwa kila mtu anayetegemea shamba au kibanda.

Mapato yalishuka

Mnamo Februari 2021, jarida la Science Advances lilichapisha utafiti uliohoji zaidi ya watu 30,000 katika mataifa tisa, zikiwemo Kenya na Rwanda. Idadi ya familia zilizosema mapato yao yameshuka ilitofautiana sana kutoka mahali hadi mahali, kati ya asilimia 8 na 87. Kiwango cha katikati kilikuwa asilimia 68.

Watafiti walibaini kuwa mbinu za familia za kujikimu, pamoja na misaada ya serikali, hazikutosha. Hata miezi mitatu baada ya janga kuanza, familia nyingi zilikuwa bado zinakosa chakula.

Senti 75 kwa siku

Siaya na Bomet zilikuwa na jambo la pekee. Tangu 2018, shirika la GiveDirectly lilikuwa likiwapa wanavijiji fedha bila masharti, katika jaribio lililohusisha vijiji 295. Baadhi ya vijiji vilipewa takriban senti 75 za dola ya Marekani kwa siku kwa kila mtu mzima, vingine vikapewa kiasi kikubwa kwa mkupuo mmoja, na vijiji 100 havikupewa chochote ili viwe vya kulinganisha.

Watafiti, akiwemo Abhijit Banerjee wa chuo kikuu cha MIT, mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobel ya uchumi ya 2019, waliwapigia wanavijiji simu katika miezi ya mwanzo ya janga. Kipindi hicho pia ndicho msimu wa njaa, kabla ya mahindi kukomaa.

Katika vijiji visivyopewa fedha, takriban watu 68 kati ya kila 100 walisema walikumbwa na njaa. Kwa waliopokea, idadi hiyo ilipungua kwa watu kati ya 5 na 11 katika kila 100, kutegemea aina ya malipo. Maradhi na msongo wa mawazo pia vilipungua kiasi, na hata ziara za hospitalini zikawa chache.

Hata hivyo, upande wa biashara haukunusurika. Kabla ya janga, waliopokea fedha walikuwa wamefungua biashara ndogo nje ya kilimo na kuongeza mapato. Corona ilipobisha, nyongeza hiyo ilitoweka.

Kwa maelezo ya watafiti, fedha hizo ziliwapa watu ujasiri wa kujaribu biashara yenye hatari, kwa sababu walijua wakianguka hawatalala njaa. Ziliwakinga na makali ya njaa, lakini hazikuweza kumletea mwenye kibanda wateja waliobaki majumbani.

Nguvu ya chama

Ripoti nyingine ya jaribio hilo ilitolewa mwaka wa 2023, ikiangalia hali ilivyokuwa takriban miaka miwili baada ya malipo kuanza. Waliopewa kiasi kikubwa kwa mkupuo walianzisha biashara zaidi kuliko waliolipwa kidogo kidogo kwa miaka miwili pekee.

Lakini walioahidiwa malipo ya kila mwezi kwa miaka 12 nao walifanya vyema. Sababu moja ni kuwa waliweka fedha hizo katika vyama vya kuzungushiana, zamu ikifika wakapata kitita cha kuanzia kazi. Hakuna ushahidi kwamba watu walizembea. Wengi waliacha vibarua na kujiajiri.

Chama hata hivyo kina udhaifu wake. Wanachama wote wakiwa wauzaji wa soko moja, soko likifungwa wote hukosa mchango siku hiyo hiyo.

Hasara ngumu kufidia

Kibanda kinaweza kufunguliwa tena. Elimu ya mtoto ni vigumu zaidi. Wanafunzi wa Kidato cha Nne, Darasa la Nane na Gredi ya Nne walirejea shuleni Oktoba 12, 2020. Wengine walisubiri hadi Januari 4, 2021.

Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2022 katika jarida la BMJ Global Health ulifuatilia wasichana 910 wa shule za upili katika Kaunti ya Siaya. Waliopitia kipindi cha shule kufungwa walikuwa katika hatari mara mbili ya kupata mimba kabla ya kumaliza shule, na mara tatu ya kuacha masomo, wakilinganishwa na waliomaliza kabla ya janga.

Sera ya serikali inamruhusu msichana aliyejifungua kurudi shuleni. Lakini anahitaji karo, sare na mtu wa kumlea mtoto, na haya yote hutoka katika ule mfuko mmoja.

Kuna habari njema pia. Nchini Botswana, jaribio la 2020 lililohusisha familia 4,500 lilionyesha kuwa mwalimu akimpigia mzazi simu ya kawaida kwa takriban dakika 20 kila wiki, na kumtumia ujumbe mfupi wa hesabu, mtoto hujifunza hata shule zikiwa zimefungwa. Ujumbe mfupi peke yake haukuleta mabadiliko. Mbinu hiyo ilijaribiwa baadaye Kenya, Uganda na mataifa mengine matatu, nako ikafaulu.

La kufanya

Funzo la kwanza ni kutenganisha fedha. Mtaji wa biashara usihesabiwe kuwa akiba ya dharura, kwa kuwa janga linaloleta njaa ndilo hilo hilo linaloua biashara. Akiba ya chakula na karo ikae mahali pengine, kama vile benki au chama cha ushirika, ambako mchango wake hautegemei soko moja.

La pili ni ghala. Utafiti uliofanywa Magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka wa 2019 ulionyesha kuwa bei ya nafaka hupanda kwa asilimia 25 hadi 40 kati ya mavuno na msimu wa njaa. Magunia machache yaliyokaushwa vyema na kufungwa yasipitishe hewa ni chakula, na pia ni akiba inayopanda thamani.

La tatu ni bima ya afya. Chini ya mpango wa SHA ulioanza Oktoba 2024, mchango wa chini kabisa ni Sh300 kwa mwezi kwa familia, ambao asiye na mwajiri hulipa kwa mwaka mzima. Kwa hivyo ni fedha za kutengwa mapema.

Wakati mwafaka wa kufanya haya yote ni siku mazao yanapouzwa, kabla fedha hazijachanganyika. Siku ya shida ikishafika, huwa hakuna cha kugawa.